Asali, dizeli na aliyechanganya

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imefika, na mama yako anakusalimu sana. Umeuliza kama kwenye ripoti ya ofisini unaweza kuandika kwamba asali mliyoletewa "imechakachuliwa", au hilo ni neno la vijiweni. Andika, lakini kwanza hakikisha yupo aliyechakachua. Asali yenye vipande vya masega na miguu ya nyuki si safi, na bado hakuna aliyeichakachua. Ikitiwa maji ya sukari ili ndoo moja iwe mbili, hapo neno limefika mahali pake. Kitu hakijichakachui, nimewaambia hivyo tangu mkiwa wadogo.

Unaukumbuka ule mwaka niliorudi nyumbani bila kazi. Lori liliishiwa nguvu katikati ya mlima Kitonga, na saruji imejaa nyuma. Fundi alifungua pampu, akachovya kidole, akasugua na gumba, kisha akaniambia nami nisugue. Dizeli huteleza. Ile ilikauka upesi, na harufu ilikuwa ya chemli. Wakati huo kodi ya mafuta ya taa ilikuwa ndogo kuliko ya dizeli, kwa hiyo aliyechanganya alikula tofauti. Baadaye, mwaka 2010, EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta, yaani alama ya kuyatambua yaliyochanganywa, na 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Mimi yalikuwa yameshanikuta. Tajiri hakuuliza nimejaza sheli ipi. Alisema mbele ya utingo wangu: "Dereva kachakachua."

Basi uchaguzi wa 2010 ulipokwisha, na mtaani kila mtu akisema kura zimechakachuliwa, mimi nilikuwa nauliza: nani? Wapi? Umeona? Mama yako alisema nazidi, kwamba mwizi hatoi risiti na aliyeibiwa lazima apate neno la kulilia. Ni kweli. Lakini aliyesingiziwa naye alilie wapi?

Kama ni kijana wa sheli, au ni tajiri mwenyewe na yale mapipa yake ya uani, mama yako ana jibu lake siku nyingi. Ulimi unaniwasha, mwanangu, ila sikuona kwa macho yangu. Mwaka jana nilikutana na yule tajiri msibani, nikampa mkono. Mama yako hajanisamehe mkono ule mpaka leo.

Baba yako