Kamaliza dozi ya TB, bado anakohoa

Pole sana dada. Kaka yako ni mchimbaji wa Mirerani, kamaliza dozi ya miezi 6, na bado anakohoa na kuishiwa pumzi? Ombeni rufaa ya hospitali ya Kibong'oto, kule Siha, Kilimanjaro. Magonjwa ya mapafu ndiyo kazi yao. Abebe kadi ya matibabu na picha za eksirei, hata za zamani. Atoe makohozi ya asubuhi, yatoke kifuani hasa, si mate. Kipimo cha makohozi cha GeneXpert huweza kunasa hata vimelea vya TB vilivyokufa, kwa hiyo ulizeni kuhusu kuotesha makohozi maabara, ili kuona kama kuna vimelea hai. Na amweleze daktari miaka aliyokaa shimoni, asifiche: makovu ya vumbi la mawe mapafuni hayaondoki kwa dawa za TB. Mgodini asirudi kwanza.