Nilishinda Jumapili, Jumatatu nikawa mali ya mtaa

Juzi usiku nimepata meseji inboksi, mama mmoja wa huku Kisauni, ananambia mwanawe wa kike ana miaka 14, mwezi uliopita kachukua kombe la tenisi la watoto hapa Mombasa, kampiga msichana aliyekuja na kocha wake na begi zima la raketi, na tangu siku hiyo mtoto hali vizuri, asubuhi ya mechi anatapika, na wiki jana kakataa kabisa kwenda mazoezini. Akamalizia hivi: "Kaka nifanyeje, watu washamuona bingwa."

Kilichonishika si kutapika. Ni hilo neno washamuona. Nimeiweka simu chini nikamaliza kahawa yangu, halafu nikakaa macho mpaka saa nane.

Mimi tenisi sikulipiwa na mtu. Nilikuwa mwokota mipira kwenye klabu moja hapa kisiwani, jina wacha likae, wazee wakicheza jioni sisi tunakimbizana na mipira tupate hela ya viazi karai. Siku moja mzee wa Kihindi kanipa raketi yake kuukuu, kishikio kimeliwa na jasho, akanambia nenda kapige ukutani. Basi nikapiga ukuta miaka miwili. Nyumbani Majengo nikisema naenda korti watu wananiuliza una kesi gani.

Aprili 2009, nina miaka 16, likizo ya shule, nikaingia fainali ya mashindano ya vijana ya Pwani. Mpinzani ni kijana kutoka Nairobi, ndiye aliyepangwa namba moja, mrefu, servi yake, yaani lile pigo la kuanzisha pointi, ikipita unasikia upepo. Nikampiga 7-6, 6-2. Na nawaambia leo jambo ambalo siku ile sikumwambia mtu, joto ndilo lililonisaidia. Masika yalikuwa hayajaanza, lile joto la Mombasa lenye unyevu, mpira ukishanyonya unyevu ule unakuwa mzito, unakwenda polepole, hata aliye na servi kali haufiki vile anavyotaka, na mimi kazi yangu ilikuwa kurudisha tu, rudisha, rudisha, kama ukuta ulivyokuwa ukinirudishia mimi. Seti ya pili misuli ya mguu ikamkaza, akawa anachechemea. Sikumshinda kwa ufundi wallahi. Nilimshinda kwa ukaidi na kwa jua. Lakini nilimshinda, hilo haliniondoki, na kombe lipo.

Jumatatu sasa. Vijana wa maskani wananiita Nadal, maana wakati ule Rafael Nadal wa Hispania ndiye alikuwa namba moja wa tenisi duniani, ilhali Nadal anapiga kwa kushoto na mimi wa kulia, nani atajali. Mamangu akafukiza ubani nyumba nzima kwa sababu ya husuda za watu. Babangu, karani wa bandarini, mtu asiyependa makelele maisha yake yote, akawa ananitembeza na kombe kwa ndugu mmoja mmoja, kwa ami, kwa shangazi, mpaka kwa kinyozi. Akaja na bwana mkubwa mmoja wa hapa mjini, akanishika bega, akaniahidi raketi mbili mpya na nauli ya kwenda kucheza Nairobi mwezi wa nane. Picha alipiga. Raketi mpaka leo.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa wazazi, na nyinyi vijana mnaotaka kufika mbali, maana najua mnaosoma huku wengi ndo hamu yenu. Mimi sikuharibikiwa Nairobi. Niliharibikiwa ile miezi mitatu ya katikati, na hakuna aliyeona. Zamani nikifanya mazoezi hakuna anayenitazama, nacheza na yeyote, wazee, watoto, tena wazee walikuwa wananipiga kila siku nacheka. Baada ya kombe watu wakawa wanakuja kusimama kwenye uzio kuniangalia. Nikaanza kupiga kwa nguvu ili wafurahi. Nikaanza kuchagua wa kucheza naye. Kulikuwa na mzee mmoja ana slaisi mbaya sana, anaukata mpira kwa chini, ukitua hauinuki, yule nikawa namkimbia kabisa, nasema nina homa, kwa sababu sikutaka mtu aone Nadal anapigwa na babu mwenye tumbo. Miezi mitatu sikucheza na mtu anayeweza kunishinda. Yaani nilikuwa nalilinda kombe, tenisi sichezi.

Agosti tukapanda basi la usiku, babangu kachukua likizo, nauli kakopa kwenye chama cha kazini. Mtito Andei tukashuka, chai nikaishika tu mpaka ikapoa. Nairobi tukaingia alfajiri, baridi, na mechi yangu ni saa nne asubuhi ya siku ile ile. Mpira wa kwanza niliopiga nikadhani raketi imeharibika. Ile fohendi yangu, pigo la upande wa mkono wa raketi, ambayo Mombasa inatua shibiri moja ndani ya mstari, huku inatua shibiri moja nje. Baadae ndo nikaja kuelewa, Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, haiushiki mpira, unaruka mbali na ukidunda unapanda juu, mpaka tenisi ina mipira yake maalum ya kuchezea sehemu za juu namna ile. Sisi wa pwani tunahitaji siku kadhaa tuzoee. Mimi nilikuwa na masaa matatu, na kati ya hayo moja nimelitumia kutafuta choo. Nikapigwa 6-1, 6-0. Dabo folti, yaani kukosa servi mara mbili mfululizo ukapoteza pointi, niliacha kuhesabu zilipofika tisa. Seti ya kwanza nikipata pointi nasikia mtu mmoja anapiga makofi, peke yake. Seti ya pili hata hayo yakanyamaza.

Tukarudi usiku ule ule. Babangu hakusema kitu, Voi kimya, Mariakani kimya, tulipofika Mazeras ndo akafungua mdomo. Akasema, "Watu tutawaambiaje?"

Hakuniuliza kama nimekula.

Nilicheza mwaka mmoja zaidi halafu nikaacha. Mamangu mpaka leo anasema ni kijicho cha watu. Mimi namwambia ndiyo mama.

Msidhani haya ni ya sisi wa mtaani tu. Mwangalieni Emma Raducanu wa Uingereza. US Open ya 2021, yale mashindano makubwa ya tenisi ya Marekani, ana miaka 18, kaanzia kwenye mechi za kufuzu huko ambako hakuna anayekutazama, kacheza mechi kumi, seti ishirini, hakupoteza hata moja, kabeba kombe. Mwaka uliofuata, mashindano yale yale, Alizé Cornet kamtoa raundi ya kwanza. Mwaka 2023 kafanyiwa upasuaji mikono yote miwili na kifundo cha mguu. Na maneno aliyotupiwa, mara kocha kabadilisha, mara matangazo yamezidi. Mtoto kafanya kitu ambacho hakuna mchezaji wa kufuzu aliyewahi kukifanya kwenye Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi duniani, mwaka mmoja tu watu wanamuuliza ana shida gani.

Na huyu wetu, Angella Okutoyi. Wimbledon ya vijana 2022, wasichana wawili wawili, yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, fainali seti ya kwanza wakapigwa 6-3, ya pili wakachukua 6-4, ile ya kuamua wakashinda 11-9. Pointi mbili tu hizo. Mkenya wa kwanza kuchukua taji la vijana la Grand Slam. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini mnajua upande wa pili wa neti alikuwa nani? Victoria Mboko wa Kanada, wazazi wake wametoka Kongo. Yule aliyelia siku ile, au hata kama hakulia, mimi ningelia, ndiye Agosti 2025 kachukua kombe la mashindano ya Montreal ana miaka 18, fainali kampiga Naomi Osaka wa Japani, aliyewahi kuwa namba moja duniani. Na wiki chache baadae US Open katoka raundi ya kwanza. Umeona? Okutoyi naye kaenda zake chuo Marekani, Machi 2024 kaja kutuletea dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra, na bado kuna watu barazani wananiuliza "yule msichana kapotelea wapi." Dhahabu ya Afrika nzima, kapotelea wapi!

Sasa mama wa Kisauni, na wote wenye mtoto aliyeshinda juzi. Acheni kumwita bingwa nyumbani. Mwiteni jina lake. Kombe weka, picha weka, lakini statasi za WhatsApp kila siku za nini, unamtangazia nani? Mwache acheze na watu wanaoweza kumpiga, apigwe, arudi nyumbani ale. Mkienda Nairobi nendeni siku tatu kabla, lala hata kwa shangazi. Na akishindwa usimuulize kwa nini. Muulize kala nini. Narudia, muulize kala nini, maana sisi wazazi wa pwani tunajua kupika kuliko kuongea, basi tupike. Mtoto akiwa anatapika asubuhi ya mechi si jini wala si husuda, ni nyinyi mmekaa tumboni mwake, nyinyi na mtaa mzima. Tokeni humo.

Najua nimesema kwa ukali. Babangu sasa ni mzee, ile safari hatujawahi kuizungumzia, kombe liko juu ya kabati sebuleni na analipangusa vumbi yeye mwenyewe, hataki mtu aliguse. Sina kinyongo naye. Kidogo tu.

Yule mama nimemjibu asubuhi. Nimemwambia Jumamosi saa kumi jioni amlete mwanawe pale ninapofundisha, asije na kombe, asije na shangazi wala majirani. Yule mzee wa slaisi bado yupo, ana miaka sabini na kitu, tumbo limeongezeka, slaisi ndo kabisa inateleza kama sabuni. Nimeshazungumza naye. Atampiga 6-2 huku anamchekea, halafu atamnunulia dafu.