Apige, lakini picha irudi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: mpiga picha anayezunguka dunia akifika kwenu kutafuta mandhari, wanyama na utamaduni, ungemwonyesha nini, na ungemtaka afanye nini? Mimi nina duka la picha hapa Dodoma mjini. Napiga za pasipoti, za vyeti, za harusi na za kipaimara, na wageni wenye kamera kubwa hupita kununua memori kadi au kuuliza njia ya Kondoa. Kwa hiyo swali lenu limenikuta na jibu tayari. Apige chochote atakachoruhusiwa, ila picha ya mtu imrudie mwenyewe, imechapwa kwenye karatasi, na popote itakapotoka iandikwe jina lake sawasawa.

Nianze na mandhari, maana hapo ndipo tunapopunjwa mapema. Wageni wengi huja kati ya Juni na Oktoba, na sisi mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi. Ndiyo maana Dodoma ya kwenye picha ni vumbi, mbuyu mtupu na ng'ombe mwenye mbavu za kuhesabika. Si uongo, ila ni nusu ya mwaka. Aje Februari aone uwele na mtama vimesimama, mibuyu ina majani mpaka kivuli chake kinakuwa kizito, na barabara ya Hombolo imezungukwa na mashamba ya mizabibu. Zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka, na bado sijaona kalenda ya mgeni yenye zabibu ya Dodoma. Tangu 2024 treni ya umeme inamfikisha hapa kutoka Dar es Salaam kwa saa chache, hivyo umbali si hoja tena.

Sisemi njaa isipigwe picha. Wagogo, wenyeji wa Dodoma, wenyewe wana majina ya njaa zao, na Mtunya, ile iliyokuja na Vita Kuu ya Kwanza, wazee waliirithisha kwa masimulizi. Mwaka 1984 Mohamed Amin, mwana wa Afrika Mashariki mzaliwa wa Nairobi, alipiga picha za njaa kule Korem, Ethiopia, na dunia ikaamka, chakula kikapelekwa. Picha ya namna hiyo ina kazi yake na ninaiheshimu. Lakini Amin alikwenda kwa sababu njaa ilikuwepo. Mtu anayepita Bahi mwezi wa Septemba, akamwona mzee amekaa mbele ya nyumba yake ya tembe baada ya kuvuna na kuhifadhi, kisha akampiga kama mtu aliyekata tamaa, huyo hajapiga njaa. Amepiga kiangazi tu.

Wanyama? Hapa mgeni hukata tamaa haraka kwa sababu simba na tembo hawamsubiri barabarani kama Serengeti. Pori la Akiba la Swaga Swaga, upande wa Kondoa na Chemba, lipo kwa mwenye subira na kibali. Mimi ningemweka chini ya mbuyu mmoja tu, siku nzima na usiku wake. Asubuhi ataona kasuku wadogo wa kijani wenye kola ya njano na duara jeupe machoni, wakitoka kwenye matundu ya shina. Ndege hao wanafugwa vizimbani Ulaya na Marekani, watu wanawapiga picha sebuleni, na asili yao ni nyanda kavu za Tanzania hii. Mwisho wa kiangazi, mvua zikikaribia, maua ya mbuyu hufunguka jioni jua likizama. Ni makubwa, meupe, yananing'inia kichwa chini na yana harufu nzito. Popo huyafuata usiku kunywa nekta, wakitoka na chavua usoni, na kesho yake ua limekwisha, linaanguka. Apange kamera yake kwenye kitegemeo saa kumi na mbili jioni, aelekeze kwenye ua moja, na taa yake aifunike isiwatishe popo. Picha hiyo hakuna gari la watalii litakalomzibia.

Kutoka hapo ningemtuma Kolo, huko Kondoa. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na miaka mingi kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alipanda miamba hiyo akatandika karatasi angavu juu ya mwamba, akanakili mistari kwa mkono. Hiyo ndiyo heshima ninayoizungumzia: kukaa mbele ya mchoro mmoja mpaka uelewe mkono wa aliyeuchora ulianzia wapi. Ukifika Mungomi, mojawapo ya miamba yenye michoro pale Kolo, baada ya kupanda kilima hadi pumzi ikatike, macho huona kwanza mwamba mtupu wenye madoa ya kutu. Subiri. Watu warefu wembamba waliochorwa kwa wekundu wanaanza kujitokeza, nywele zao zimeumuka kichwani, viuno vyembamba, kisha mnyama, kisha mnyama mwingine amepita juu ya yule wa kwanza. Miongoni mwao kuna michoro myeupe ya watu wa baadaye, minene, iliyopakwa kwa kidole.

Kwa mpiga picha pale kuna mambo mawili ninayoyasisitiza kwa kila anayepita dukani kwangu. La kwanza, asimwagie mwamba maji. Ni tabia iliyoharibu michoro sehemu nyingi duniani: mtu anamwaga maji ili wekundu ung'ae kwenye picha, maji yanaingia mwambani, yanatoa chumvi za ndani, na yakikauka chumvi inaacha ukungu mweupe juu ya mchoro. Ametengeneza picha moja nzuri na kuwaharibia wote watakaofuata. Hana haja ya maji. Apige wakati mwamba wote uko kivulini, faili liwe ghafi bila kubanwa, kisha nyumbani atumie DStretch, programu ambayo Mmarekani Jon Harman aliitengeneza kwa ajili ya michoro ya aina hii. Inatenganisha rangi zinazokaribiana mpaka mstari ambao jicho halikuuona unatokea. La pili, Mungomi si makumbusho tu. Watu wa pale wanaendelea kufanyia matambiko. Akikuta majivu, kibuyu au mabaki ya sadaka asivisogeze apate fremu safi, amuulize mwongozaji aliyeandamana naye, na akiambiwa leo hapana, basi ni hapana.

Na tazameni jambo hili: michoro ile iko palepale ilipochorwa. Mtoto wa Kolo akitaka kuona walichochora watu wa kale, anapanda kilima. Picha tunazopigwa sisi leo zinaondoka na ndege.

Kuna bibi mmoja wa kutoka upande wa Mvumi aliletwa dukani na mjukuu wake. Mjukuu ana simu, na kwenye simu kuna picha ya bibi aliyoikuta kwenye ukurasa wa mgeni: bibi amevaa shanga shingoni, anacheka, meno machache, mkono mmoja umeinuka kuzuia jua. Picha nzuri kwelikweli. Chini yake imeandikwa kwamba ni mwanamke wa Kimasai. Bibi alitaka ichapwe, iwekwe kwenye fremu, kwa sababu hana picha nyingine anayocheka. Nikajaribu. Faili lilikuwa dogo, limenakiliwa kutoka kwenye kioo cha simu, na nilipoikuza ifike ukubwa wa fremu macho yake yakawa vigae. Nikampunguzia ukubwa mpaka ule wa kadi ya posta, ikakubalika. Alilipa, akaishika kwa pembe kwa ncha za vidole, akaniuliza, "Mwanangu, huyu aliyenipiga anayo kubwa?" Nikamwambia anayo, bibi. Anayo kubwa sana, na safi.

Mgeni yule hakumnyanyasa mtu. Inawezekana aliomba ruhusa, alicheka naye, alimshukuru. Ila alimchukua akiwa mtu mwenye jina na ukoo, akamtoa upande wa pili akiwa kabila, tena si kabila lake.

Yamewapata na wanaojulikana dunia nzima. Desemba 1984, katika kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh karibu na Peshawar, Pakistan, mpiga picha Mmarekani Steve McCurry alimpiga picha msichana wa Kiafghani mwenye macho ya kijani. Juni 1985 picha ikatoka kwenye jalada la jarida la National Geographic, ikawa miongoni mwa sura zinazotambulika zaidi duniani. Jina lake, Sharbat Gula, halikujulikana mpaka 2002, walipomtafuta na kumpata. Na hapo ndipo alipoiona picha yake kwa mara ya kwanza, akiwa mama mwenye watoto. Kuandika jina siku ile kambini kungechukua dakika ngapi?

Kwetu huku mwanamuziki Hukwe Zawose alibeba ilimba, kinanda cha kupigwa kwa vidole gumba, na zeze la Kigogo akaviimbisha Ulaya na Marekani, na hata baada ya kufariki 2003 jina lake linatajwa popote muziki wetu unapotajwa. Akina mama wa Kigogo wanaopiga ngoma ya muheme hawana bahati hiyo. Wanaonekana kwenye picha nyingi kuliko kiongozi yeyote wa mkoa huu, na chini ya picha huandikwa "ngoma za asili".

Muheme ningependa sana ipigwe, na ipigwe vizuri. Ngoma hii ni ya wanawake. Mama anasimama, ameibana ngoma mapajani, mikono miwili inashuka kwa zamu, mabega yanafuata, shanga za shingoni zinaruka nusu sekunde nyuma ya shingo yenyewe. Wapiga picha wengi hugandisha mikono hewani kwa kasi kubwa ya shata, yaani pazia la kamera, na matokeo ni mama aliyesimama kama ameshtuka. Ashushe mpaka 1/30 ya sekunde, aushike uso utulie na mikono aiache iende. Na aangalie mwanga. Kamera hukisia kwamba kila kilicho mbele yake kina ung'avu wa wastani, hivyo ukimweka mtu mweusi mbele ya anga jeupe la saa saba mchana, itaokoa anga na kuuzamisha uso. Hilo lina historia: hata uchapaji wa picha za rangi wa Kodak ulisawazishwa kwa miaka mingi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Dawa yake huku kwetu ni rahisi. Amsogeze mama ukingoni mwa kivuli cha mbuyu au cha tembe, udongo mwekundu wa nje urudishe mwanga chini ya kidevu na machoni, na apime mwanga kwenye shavu, anga lijitafutie. Ngozi itatoka na rangi zake zote, za shaba na za zambarau, kama tunavyoonana sisi kwa sisi.

Kabla ya yote hayo apige hodi kwa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji, aamkie kwa Kigogo, "Mbukwenyi", na asubiri aitikiwe, akae kidogo kamera ikiwa begini. Kikundi cha ngoma apatane nacho malipo mapema kupitia kiongozi wao, kwa sababu ile ni kazi na wanaifanya kwa jasho. Watoto asiwape hela wala pipi ili wasimame. Mzazi aombwe, na mzazi akikataa kamera ishuke. Droni aiache mpaka awe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na akumbuke kwamba huu ni mji wa Serikali: Ikulu ya Chamwino, ofisi za Serikali za Mtumba na kambi za jeshi si mandhari.

Najua watakaonijibu kwamba mtu anayepita nchi nyingi kwa mwaka hawezi kurudisha picha kila kijiji. Anaweza. Zile mashine ndogo za mfukoni zinazochapa papo hapo zinasaidia, ingawa karatasi yake ni ndogo na jua letu huifubaza, nami ningezitumia kwa kuagana tu. Picha yenyewe ichapwe mjini kabla hajaondoka, kwenye karatasi nzuri, nyuma iandikwe jina la mtu, kijiji na tarehe kwa kalamu isiyofutika. Kama muda umemwishia, atume faili kubwa kwenye duka lolote la picha la hapa. Tunachapa, tunafunga kwenye bahasha ngumu, tunampa kondakta wa basi la Kondoa, la Mvumi au la Kwa Mtoro pamoja na namba ya simu ya mtendaji, na bahasha inafika. Gharama yake yote ni ndogo kuliko ya memori kadi moja anayonunua kwangu.