Badilini ufunguo wa seva kabla ya nywila

Ndugu, umesema fundi amekuta seva ya chama chenu ina OpenSSL 1.0.1c, programu ya kusimba mawasiliano, ya tangu zamani, ameisasisha, na unauliza kama inatosha. Haitoshi, na nakuomba umalizie kazi hii leo.

Toleo hilo lina Heartbleed, kasoro iliyotangazwa Aprili 7, 2014. Mtu wa nje hutuma ujumbe mfupi sana huku akidai ni mrefu. Seva, bila kuhakiki, humrudishia hadi kilobaiti 64 za chochote kilichomo kwenye kumbukumbu yake ya muda (RAM): nywila, vidakuzi vinavyomtambulisha aliyeingia kwenye akaunti, hata ufunguo wa siri ambao seva hulindia mawasiliano yake. Anarudia apendavyo, na rekodi za kawaida za matukio ya seva (logi) hazionyeshi kitu. Kwa hiyo fundi akisema hajaona dalili, hilo lisikutulize.

Mwambie awashe upya huduma zote, barua pepe ikiwemo, maana zinazoendelea kufanya kazi bado zimeshika programu ile ya zamani. Kisha atengeneze ufunguo mpya kabisa, aombe cheti kipya, yaani hati inayothibitisha kuwa seva ni yenu, na kile cha awali kibatilishwe. Mwaka 2014 tovuti nyingi zilichukua cheti kipya juu ya ufunguo uleule ambao huenda ulishaibiwa, kazi bure. Halafu atoe kila mtu kwenye akaunti, ndipo muwaambie wanachama wabadili nywila.

Tangazo lenu msilitie kiungo cha kubonyeza, matapeli wataliiga. Mamlaka ya mapato ya Kanada, ilipoibiwa kupitia Heartbleed namba za bima ya jamii za watu wapatao 900, iliwaandikia wahusika kwa barua za rejista.