Khamrah ya Lattafa kwenye joto la Dar es Salaam: jibu la mtu aliyemaliza chupa moja na nusu

Ndugu yangu uliyeuliza, umetaka kujua mambo matatu: kama pafyumu ya Khamrah ya Lattafa inavalika kwenye joto la Dar es Salaam, kama inadumu mwilini kama wauzaji wanavyoapa, na kama ni kweli kwamba ni ile ile Angels' Share, pafyumu ya bei kubwa ya kampuni ya Kilian, iliyoletwa kwa bei ya mnyonge. Ukaongeza kwamba unaitaka kwa ajili ya ofisini na kwa ajili ya harusi ya kaka yako mwezi Desemba. Tangu mwaka 2023 nimemaliza chupa moja ya mililita 100, na ya pili imefika nusu, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona kwenye ngozi na nguo zangu mwenyewe. Kwa ufupi, inunue, ila uitumie kama wazee wetu walivyotumia udi: nguoni, jioni, na kwa kiasi.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Lattafa ni kampuni ya manukato ya Falme za Kiarabu, na Khamrah ilitoka mwaka 2022. Ni ya jamii ambayo wataalamu wa Ulaya kwa miaka mingi waliiita ya "mashariki", yaani manukato mazito yenye viungo, vanila na utomvu wa miti; Shalimar ya Guerlain ya mwaka 1925 na Opium ya Yves Saint Laurent ya mwaka 1977 ni dada zake wakubwa. Siku hizi jina hilo linaachwa, na Michael Edwards, ambaye mpangilio wake wa jamii za manukato hufuatwa na maduka mengi duniani, alilibadilisha mwaka 2021 na kuweka jina la Kiingereza "amber". Kwa mtu wa pwani mjadala huo unachekesha kidogo, maana hiyo mashariki yao ya mbali ni kabati la viungo la mama yake.

Harufu inayokupokea ni mdalasini na kungumanga, pamoja na bergamot, ndimu ya Italia inayotiwa ili kuupa mwanzo wepesi. Chini yake kuna tende, ua la tuberosi, na pralini, ambayo kwa sisi njia rahisi ya kuielewa ni kufikiria kashata ya karanga wakati sukari ingali inaungua sufuriani. Mwishoni hubaki vanila, mbegu za tonka, manemane, na jawi, ule utomvu ambao Waarabu waliuita luban jawi, yaani ubani wa Java. Ukizihesabu utaona kwamba zaidi ya nusu ya vitu hivyo vimewahi kupita nyumbani kwenu, ama kwenye halua, ama kwenye chetezo.

Sasa nieleze inavyokwenda mwilini. Dakika kumi za mwanzo mdalasini ni mkali, na ukinusa kwa karibu unaweza kufikiri umefungua mfuko wa viungo dukani. Usiihukumu hapo, wala usimruhusu muuzaji akuharakishe ulipe ukiwa bado uko hapo. Kati ya nusu saa na saa moja tende inajitokeza, nzito, yenye unyevu, kama tende za mwezi wa Ramadhani zilizobanwa kwenye boksi. Na huo ndio wakati watu wataanza kukuuliza umepaka nini. Kwangu kipindi hicho huchukua saa tatu hivi. Baadaye harufu hurudi karibu na mwili, mdalasini unakuwa kivuli tu, na unabaki na vanila yenye utomvu ambayo mtu hawezi kuisikia mpaka akukumbatie. Kwenye ngozi yangu, ambayo si kavu sana, nimekuwa nikiisikia kwa muda wa saa saba au nane. Kwenye kitambaa ni habari nyingine: koti langu la suti nililipuliza Ijumaa, na Jumatatu nilipolivaa tena lilikuwa bado linanukia.

Joto ndilo linaloamua kila kitu, na hapa wengi wanaoisifu mtandaoni wanakosea kwa sababu wanaivaa kwenye nchi za baridi. Manukato yananukia kwa kuwa yanavukizwa na joto la mwili na la hewa. Joto likiwa kubwa, vile vilivyo vyepesi vinatoka vyote kwa mkupuo na kuondoka upesi, kisha vile vizito kama vanila vinabaki vikichemka juu ya jasho bila kitu cha kuvipunguzia utamu. Mwezi Februari mmoja, kaskazi ikiwa imekwisha nguvu na jiji limekaa kama tanuri, nilijipuliza mara nne, shingoni na kifuani, nikapanda daladala ya saa sita mchana. Tulikuwa tumebanana. Mama aliyekaa dirishani alijifunika pua kwa ncha ya mtandio, akavuta kioo hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Baba, umebeba keki?" Abiria wa nyuma walicheka, nami nilishuka kituo kimoja kabla ya changu.

Mwezi wa saba mwaka huo huo nilikwenda Njombe kikazi, na anayeijua Njombe ya mwezi wa saba anajua kwamba asubuhi mtu huongea huku mvuke ukimtoka mdomoni. Nilijipuliza mara hizo hizo nne, chupa hiyo hiyo. Ilikuwa kama pafyumu nyingine: mdalasini ulikuja taratibu, tende haikunata, na manemane, ambayo Dar sijawahi kuisikia vizuri hata siku moja, ilitokea wazi kabisa kwa ule uchungu wake mdogo unaokata utamu. Mwenyeji wangu alinifuata kuuliza jina lake. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba tatizo la kwenye daladala halikuwa la chupa.

Ndipo nikamkumbuka shangazi yangu wa Tanga. Yeye hakuwahi kujifukiza udi mchana wa jua kali akaenda sokoni. Nguo za kutokea aliziweka juu ya kitenga cha fito kilichofunika chetezo, akaziacha zivute moshi, akazikunja, na akazivaa baadaye wakati ule ukali wa kwanza umeshaondoka. Nilianza kuitendea Khamrah vivyo hivyo. Nguo ya jioni naitundika, naipuliza mara mbili kwa umbali wa urefu wa mkono, naiacha saa moja au zaidi, ndipo navaa. Mwilini naongeza mara moja tu, nyuma ya shingo, au siongezi kabisa. Tangu nifanye hivyo sijaombwa tena kufungua dirisha.

Kuna tahadhari mbili ambazo hakuna muuzaji atakayekuambia. Ya kwanza ni madoa. Kimiminika chenyewe kina rangi ya chai ya rangi, na manukato yenye vanila nyingi huendelea kuwa meusi kadiri vanilini, kile kiini cha harufu ya vanila, inavyokutana na hewa. Nilipuliza kanzu nyeupe kwa karibu mno, karibu na kile kishada cha shingoni, nikaivaa, nikaifua, nikaipiga pasi, na baada ya siku chache likajitokeza doa la manjano lenye ukubwa wa sarafu ambalo halijatoka mpaka leo. Kanzu hiyo sasa ni ya kulalia. Nguo nyeupe ipulize kwa ndani, upande usioonekana, au puliza fulana na uiache kanzu salama. Ya pili ni ngozi. Mdalasini unawasha watu wengine, na ndiyo maana sheria za Umoja wa Ulaya zinataka kiini chake, cinnamal, kitajwe kwenye orodha ya viambato. Mimi nikijipuliza shingoni mara baada ya kunyoa ndevu huwa naona wekundu na mwasho wa nusu saa. Jaribu kwanza ndani ya mkono, usubiri siku nzima.

Kuhusu Angels' Share, nilipata kuinusa vizuri nikiwa safarini Dubai, mkono mmoja nikiwa nimepaka hiyo na mwingine nikiwa nimepaka Khamrah yangu. Angels' Share ilitoka mwaka 2020, na jina lake ni la ile sehemu ya konyagi ya Kifaransa inayovukizwa kutoka kwenye mapipa ya mwaloni wakati wa kuivishwa, ambayo watengenezaji husema ni fungu la malaika. Na kweli unausikia mwaloni na ile konyagi ya Ufaransa iitwayo cognac. Ni kavu zaidi, mdalasini wake ni mwembamba, na utamu wake umezuiliwa. Khamrah imechukua mpango huo huo, ikauondolea pombe na mbao, ikaujaza tende. Ukizivaa siku mbili tofauti unaweza kuzichanganya. Ukizivaa mkono kwa mkono huwezi. Chupa ya mililita 50 ya ile ya Kilian huuzwa zaidi ya dola 200, wakati Khamrah yangu ya kwanza ya mililita 100 niliinunua Kariakoo kwa shilingi 95,000. Ukichukulia kwamba mpulizo mmoja hutoa takriban sehemu ya kumi ya mililita, chupa ina mipulizo kama elfu moja, kila mmoja kwa chini ya shilingi mia. Kwa hesabu hiyo sioni sababu ya kuihuzunikia tofauti iliyopo. Nani kwenye ukumbi wa harusi atainusa shingo yako akiutafuta mwaloni?

Wapo wanaoudhiwa na jina. Khamr kwa Kiarabu ni kileo, na chupa yenyewe, nzito na yenye michirizi iliyochongwa kwenye kioo, imeigiza chupa za kwenye meza za wanywaji. Mjomba wangu aliiokota mezani akaigeuza geuza na kuuliza kama ni ya kupaka au ya kunywa. Ukiwa na wazee wa namna hiyo nyumbani, ifiche kabatini. Na ukitaka kitu cha kwendea msikitini bila maswali, mafuta ya attar yasiyo na spiriti yapo tele kwenye maduka yale yale.

Jingine la kuangalia ni bandia, maana kila kinachopendwa Kariakoo huzaa ndugu zake. Chupa yangu ya pili niliinunua mahali pa bei nafuu zaidi, punguzo la shilingi 30,000, na nilijiona mjanja. Mpulizo wake ulitoka kama matone badala ya ukungu, spiriti ilichoma pua, na kwa dakika arobaini hivi kila kitu kilikuwa kimekwisha isipokuwa utamu mwepesi kama wa pipi ya kijiti. Niliitupa, na ile ninayoiita ya pili leo kwa kweli ni ya tatu. Ninunuapo sasa, napima uzito wa kioo mkononi, nalinganisha namba ya toleo iliyo chini ya boksi na ile iliyo chini ya chupa, kisha naomba kupuliziwa kwenye karatasi na kuondoka nayo. Nazunguka kununua mahitaji mengine, narudi baada ya saa mbili. Muuzaji anayekataa jambo hilo amekwisha kunijibu. Kama huna hakika, wapo wanaopima kwenye vichupa vya mililita tano au kumi. Anza na hicho, uimalize, ndipo ununue kubwa.

Utasikia pia kwamba ukiipuliza mara kadhaa, ukaiweka kabatini mwezi mzima, itakuwa na nguvu maradufu. Mimi nilijaribu kwa chupa mbili na tofauti niliyoiona ilikuwa ndogo, labda mdalasini ulilainika. Iweke tu mbali na jua na mbali na joto la bafuni. Na kuhusu Khamrah Qahwa, iliyofuata mwaka 2023, hiyo imeongezewa kahawa, iliki na tangawizi, na kwa aliyezoea kahawa chungu ya barazani itamvuta haraka. Kwa maoni yangu utamu wake hausumbui sana kwenye joto kama ule wa ya kwanza, ila haina ile tende, na tende ndiyo iliyonifanya niinunue.

Sasa kwa ofisini kwako: ikiwa kiyoyozi kinafanya kazi kutwa, mpulizo mmoja chini ya shati, tumboni, unatosha, na upulize kabla ya kuvaa shati ili jirani yako wa meza asiupate wote. Ikiwa ni feni na madirisha, iache nyumbani, utumie kitu chepesi cha ndimu. Kwa harusi ya Desemba, ambayo itakukuta katikati ya joto, koti lipulize ndani ya bitana mara tatu saa kumi jioni na ulitundike. Ukioga na kuvaa saa moja na nusu, mdalasini utakuwa umeshatulia, na mtakapofika ukumbini kupiga picha na bwana harusi itakuwa ni zamu ya tende. Usirudie kupuliza ukiwa huko, hata kama wewe mwenyewe huisikii tena. Pua yako imeizoea, lakini wale wanaokuja kukupa mkono wanaisikia.