Mkuu, usimpe fundi wa Keko hata mia kabla hujashika shafti mkononi

Mkuu, simama hapo hapo. Nimesoma uzi wako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Unataka kujitengenezea mashine ya santuri ya hali ya juu hapa hapa Dar, kitako cha mninga, sinia la alumini (ile sahani santuri inapokaa ikizunguka) la kilo 10 na ushee "ili besi ishuke", na Keko umeshakwenda kupatana bei ya mbao. Halafu mwisho kabisa, kama mtu anayeulizia choo kiko wapi, unauliza: "Na beringi nitapata wapi ya bei nafuu?"

Hapo ndipo nilipoweka kikombe chini.

Ngoja nikupe hesabu zangu za mwaka 2019, halafu ndiyo nilie. Kitako cha mninga kilichopigwa vanishi mara saba: laki nne na nusu. Sinia la alumini, kipenyo milimita 300, unene milimita 60, limemiminwa na kukerezwa kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani: laki sita. Mkono wa kubeba sindano, wa kuagiza Uingereza, na usafiri, na ushuru: sitaji, mke wangu ana akaunti humu. Shafti na bushi yake, yaani mhimili wa sinia na tundu unamozungukia, ndiyo beringi yenyewe: elfu thelathini na tano, na katika hiyo elfu tano ilikuwa nauli.

Rudia kusoma huo mstari wa mwisho. Kitu kinachobeba mzunguko wa mashine nzima, kitu ambacho sindano inakisikiliza kila sekunde, nilikipa hela ya nusu mguu wa mbuzi. Vanishi ilipata zaidi.

Nani alinituma? Bwana mmoja kwenye grupu letu la WhatsApp la wapenda santuri. Kila jioni anatupia picha za mashine za Ulaya zenye masinia kama magurudumu ya Fuso, chini anaandika: "Uzito ndiyo sauti, vijana." Nikimuuliza kuhusu beringi ananijibu, "Hiyo ni kazi ya fundi, wewe tafuta uzito." Kweli, wapo wanaotengeneza masinia ya kilo 10 na zaidi na yanaimba vizuri. Asichosema huyu bwana ni kwamba wenzetu hao wanaanzia kwenye shafti iliyosagwa kwa vipimo vya mikroni (milimita moja ukiigawa mara elfu), na sinia linakuja baadaye. Mwaka uliofuata nikaenda kwake kumuona, nikakuta anatumia mashine ya kununua kutoka Japani, ya mota chini ya sinia, haina hata mkanda. Huyo mtu hajawahi kukerezesha hata mwiko. Jina simtaji, anajijua. Zile kilo 11 bado ziko kwangu, akizitaka aje na bajaji.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana wewe uko nusu ya njia ileile.

Alumini ya kumimina mtaani ni pistoni chakavu, masufuria na fremu za madirisha, vyote chungu kimoja. Sinia langu lilipotoka kwenye mchanga lilikuwa zuri kwa macho. Lilipoanza kukerezwa ndipo vitundu vikatokea, kama mkate wa kumimina hasa. Fundi akaviziba kwa gundi ya chuma, akapiga msasa, akaniambia, "Bosi, hapa hata Mzungu hajui." Ila upande mmoja ulikuwa mzito. Ukiinamisha kitako kidogo tu, upande uleule unarudi chini kila mara, kama mlevi anayeijua njia ya kwao.

Hilo lingevumilika. Shafti ndiyo iliyoniua. Ilikuwa bolti la milimita 12 lililokatwa kichwa, bushi ni kipande cha shaba kilichotobolewa kwa keekee ya kawaida, basi. Nilipokuja kulipima baadaye tundu lilikuwa na milimita 12.2. Utasema, aah, pointi mbili tu. Fanya hesabu na mimi: bushi ina urefu wa milimita 40, ukingo wa sinia uko milimita 150 kutoka katikati. Pointi mbili ya kucheza kwenye bushi inakuwa robo tatu ya milimita pale ukingoni. Mtaro wa santuri upana wake ni kama milimita 0.05. Yaani unamuomba mtu asome herufi za Kurani akiwa amepanda daladala la Gongo la Mboto.

Na uzito haukusaidia kitu, uliongeza tabu. Kilo 11 zote zimekaa juu ya gololi moja ya baiskeli, na gololi imekaa juu ya kipande cha chuma laini. Wiki ya kwanza nilikuwa mfalme. Niliita majirani. Wiki ya sita ikaanza ngurumo, sauti ya chini, kama lori linasubiri nje halizimi injini. Nilidhani ni spika. Nikabadilisha spika! Nikabadilisha nyaya! Nikamlaumu jirani mwenye mashine ya kusaga! Yule bwana wa grupu akanishauri niongeze uzito.

Uelewe kwa nini ngurumo hiyo haifichiki. Santuri inapokatwa, besi zinapunguzwa makusudi, kwa sababu zikiachwa nzima mtaro utakula nafasi yote. Kazi ya priampu ya santuri, kile kikuza sauti cha kwanza baada ya sindano, ni kuzirudisha. Kwa kipimo cha RIAA, chama cha makampuni ya rekodi ya Marekani, kinachotumika tangu miaka ya 1950, sauti ya hezi 20 (mitetemo 20 kwa sekunde) inakuzwa karibu mara tisa kuliko ya hezi 1000. Sasa mkwaruzo wa beringi unaishi huko huko chini. Priampu haijui kama huyu ni mpiga besi au ni bolti la Gerezani, inampa tu maikrofoni.

Mwezi wa tatu nikafungua. Oili imegeuka kijivu, kama maji ya kuoshea sufuria lililoungua. Nikaifuta kwa kidole, ikabaki na chengachenga zinazong'aa. Kile kipande cha chuma cha chini kilikuwa kimechimbika kishimo, kidogo kama cha jino bovu, na gololi imekaa ndani yake imetulia kabisa, imehamia. Shafti nayo upande mmoja ina mstari uliolika, upande ule mkanda unakovutia. Nilikaa sakafuni pale dakika nyingi. Mke wangu akapita, akatazama, akauliza kwa upole kama lile sinia linaweza kuwa kibao cha chapati.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mkerezaji, mstaafu wa karakana ya reli. Nilimbebea mashine nzima nikiwa na hotuba yangu tayari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Iweke hapo. Washa."

Hakugusa kitako cha mninga, hakusifia vanishi, na nakiri iliniuma. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye nyumba ya beringi, mpini sikioni, kama mafundi magari wanavyosikiliza injini. Akafumba macho. Kisha akanipa mimi ile bisibisi. Mkuu, nilisikia kokoto. Kokoto zinasagwa, ndani ya kitu nilichokuwa nawaambia watu ni cha hali ya juu.

"Hii haijatengenezwa, mwanangu," akasema. "Hii imekusanywa."

Tulichofanya, na ndicho nakuomba ukifanye kabla hujarudi Keko: shafti tulikata kwenye fimbo ya shokapu ya gari. Ile fimbo imenyooka, imesagwa, ina kromu ngumu juu, na kwa wauza spea chakavu unaipata kwa bei ya chakula cha mchana. Ila ichague kwa ukucha, pitisha ukucha urefu wote, ukikwama mahali popote rudisha. Bushi mbili za bronzi, moja juu moja chini, zimekerezwa tundu dogo kidogo kisha likamaliziwa kwa rima, kifaa cha kupanua tundu kidogo kidogo, mpaka shafti inaingia kwa uzito wake yenyewe, polepole, na ukiziba chini kwa kidole inagoma kushuka kwa sababu hewa haina pa kutokea. Hicho ndicho kipimo, hakuna haja ya maneno mengi. Gololi mpya. Chini yake shimu ya vali ya Toyota, zile sahani ndogo ngumu za kurekebishia vali, maana imeshafanywa ngumu na kusagwa kiwandani. Matone machache ya oili nyembamba. Jumla laki moja na themanini pamoja na ufundi, na mzee alipunguza kwa huruma.

Sinia jipya ni bamba la alumini la kununua, la unene wa milimita 20, kilo nne kasoro. Limekerezwa likiwa tayari limefungwa kwenye shafti yake, ili katikati ya moja iwe katikati ya nyingine. Hili usiliruke. Ukikereza sinia peke yake halafu ukaja kulipachika, utapata mashine inayoyumbisha nota kila sekunde 1.8, mzunguko mmoja wa santuri ya 33⅓ kwa dakika, na piano zote zitakuwa zimelewa.

Kama unadhani nina chuki binafsi na mbao, itazame mashine ya santuri ya Linn Sondek LP12 ya Scotland, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970 na inatengenezwa mpaka leo. Ilizaliwa kwenye familia ya karakana ya uhandisi wa vyuma, na kitu walichojivunia tangu siku ya kwanza ni beringi ya ncha moja. Kitako cha mbao kizuri inacho, ndiyo, lakini hakuna aliyeanzia kwenye mbao.

Kuhusu mninga wenyewe, haraka haraka: unyevu wa Dar unautembeza. Umbali kati ya shafti na shina la mkono lazima usibadilike (wangu ni milimita 222), kwa hiyo unganisha hivyo viwili kwa bamba moja la chuma au plaiwudi nzuri, mbao ngumu ibaki pambo pembeni. Rega, watengenezaji wa mashine za santuri wa Uingereza, wao wanafunga ukanda mgumu kati ya beringi na mkono kwa sababu hiyo hiyo.

Mota. Hapa pia nilichezwa, ila kwa elfu ishirini tu. Nilinakili puli, kile kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda, kutoka kwenye mchoro wa Mmarekani. Mota zile za sinkronasi hufuata hezi za umeme: ile ya mizunguko 300 kwa dakika kwa hezi 60 za kwao, kwetu kwa hezi 50 inatoa 250. Santuri ya 33⅓ ikawa inazunguka 27.8. Waimbaji wote wakawa wazee wa kanisa. Nilisikiliza siku mbili nikiamini ndiyo "joto la analojia". Na umeme ukikatika ukawasha jenereta, usipige santuri kabisa. Friji ikiwaka wimbo unashuka, ikizima unapanda.

Ukinifuata utapata nini? Nikwambie siku moja tu. Baba alikuja na boksi lake la santuri ndogo za 45, dansi la miaka ya sabini, zilizotengenezwa Nairobi, zile wimbo mmoja umekatwa vipande viwili, gitaa likikolea tu unageuza upande wa pili. Nikashusha sindano. Ukimya. Baba akanitazama.

"Mbona umezima?"

"Haijazimwa, baba. Inazunguka."

Alizoea kusikia mashine kabla ya muziki, kama sisi sote. Akainama kuchungulia lebo, akaiona inakwenda, na kabla hajanyanyuka besi ikaingia, imesimama peke yake, hakuna lori nje. Hakusema kitu. Upande ulipoisha alinyoosha mkono kugeuza mwenyewe, na hakuniruhusu kugusa mpaka boksi likaisha. Besi niliyoikimbiza kwa kilo 11 ilikuwa imefunikwa na bolti la elfu thelathini na tano.

Uliuliza pia habari ya santuri za bibi yako za 78. Swali zuri sana. Hizo za enzi za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, zinataka kasi yake na sindano nene mara tatu na zaidi kuliko ya LP (santuri kubwa ya 33⅓), usije ukaziwekea ya kawaida. Nitarudi kulieleza. Kulikuwa na swali la kichwa kipi cha sindano ununue na lingine la priampu, nakumbuka hivyo, uzi wako ni mrefu na miwani iko garini.

Kwa sasa nataka kitu kimoja kutoka kwako: picha ya shafti ikiwa imesimama ndani ya bushi, umeziba chini kwa kidole, haishuki. Ukiileta hapa nitakujibu hayo mengine yote hata usiku wa manane. Usipoileta, mninga wa Keko haukimbii popote.

Na kama uzito bado unakuwasha, lile sinia la kilo 11 linauzwa, bei maelewano. Ila nipe taarifa siku moja kabla, kwa sasa ndilo linalozuia geti, itabidi nitafute jiwe.