Maswali na Majibu: Mtoto Mdogo Anaipataje Lugha?

Wasomaji kadhaa wameuliza kuhusu namna watoto wadogo wanavyojipatia lugha, na kuhusu nadharia zinazojaribu kulieleza jambo hilo. Ninaanza na swali ambalo mengine yote yanaliegemea.

Swali: Mtoto si anaiga tu anachokisikia? Kwa nini pawe na nadharia nyingi juu ya jambo lililo wazi hivyo? (Msomaji, Morogoro)

Kuiga kupo, na mtoto anayekulia Tanga huzungumza kwa lafudhi ya Tanga kwa sababu hiyo. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, aliijengea rai hii hoja kamili katika kitabu alichokitoa mwaka 1957: mtoto hutamka jambo, wakubwa humpongeza au humpa alichoomba, na tamko lililomletea faida hurudiwa mpaka likawa mazoea. Miaka miwili baadaye mwanaisimu Noam Chomsky alichapisha uhakiki mkali wa kitabu hicho, akieleza kwamba kuiga na kutuzwa hakutoshi kufafanua uwezo wa mtoto wa kutunga sentensi ambazo hajapata kuzisikia.

Kati ya maandiko hayo mawili, mwaka 1958, Jean Berko aliwaonyesha watoto picha ya kiumbe cha kubuni chenye jina la kubuni, kisha viumbe viwili vya aina hiyo hiyo, akawaomba wavitaje. Wengi wao walilitia jina hilo alama ya wingi ya Kiingereza bila kusita. Jaribio hilo unaweza kulifanya hata ukiwa umeketi mkekani na mwanao. Mchoree mtoto wa miaka minne au mitano chombo kisichokuwapo duniani, mwambie "hiki ni kibulo", chora cha pili kando yake, kisha muulize hivi ni nini. Akijibu "vibulo", hajamwiga mtu yeyote, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo mbele yake. Ametumia kanuni ya ngeli aliyoigundua mwenyewe, na hapo ndipo haja ya nadharia inapoanzia.

Swali: Binti yangu wa miaka miwili husema "taka maji" badala ya "nataka maji", na "Baba mekuja" badala ya "Baba amekuja". Je, nimsahihishe kila mara? (Mama, Nairobi)

Hapana, mama, na swali lako limeangukia mahali ambapo Kiswahili chenyewe kimetoa ushahidi wa thamani. Mtaalamu Kamil Ud Deen aliwarekodi watoto wadogo wa Nairobi wakizungumza majumbani mwao, na matokeo yake yakachapishwa kama kitabu mwaka 2005. Watoto hao waliacha mara kwa mara kiambishi cha nafsi ya mtenda, au cha njeo, yaani cha wakati, au vyote viwili kwa pamoja, kama afanyavyo binti yako. Hata hivyo, kiambishi cha yambwa, yaani kinachomtaja anayetendwa, pale sarufi inapokilazimisha, walikitumia vizuri tangu mapema, kiasi kwamba katika tamko kama "nimemwona Baba" mtoto anaweza kuiacha "ni" na asiiache "mw".

Jambo hilo linastahili kutazamwa kwa makini. Kama mtoto angekuwa anaangusha tu silabi za mwanzo kwa sababu ulimi wake bado ni mzito, au kwa sababu mkazo wa Kiswahili uko karibu na mwisho wa neno, tungetazamia kiambishi cha yambwa nacho kianguke mara nyingi, maana nacho hutangulia mzizi. Kubaki kwake kunaonyesha kwamba mtoto hakati neno ovyo, bali anavitofautisha viambishi kwa kazi zake. Tena wakubwa wa Nairobi wenyewe, katika mazungumzo ya kawaida, huacha kiambishi cha mtenda, kwa hiyo "Baba mekuja" huenda binti yako ameisikia kwa watu wazima wanaomzunguka.

Kuhusu kusahihisha, Roger Brown na Camille Hanlon waliripoti mwaka 1970 kwamba wazazi wa Kimarekani waliowachunguza walikuwa wakiwakosoa watoto waliposema jambo lisilo la kweli, na si walipokosea sarufi, na bado watoto hao waliipata sarufi. Binti yako akisema "taka maji", mjibu "Unataka maji? Haya, maji yako haya hapa." Atakuwa amepata maji, na ameisikia sentensi kamili wakati anapoihitaji.

Swali: Chuoni tumefundishwa kwamba kauli ya kutendwa ni ngumu mno kwa mtoto aliye chini ya miaka minne. Ni kweli kwa lugha zote? (Mwanachuo wa ualimu, Iringa)

Si kweli kwa lugha zote, na inasikitisha kwamba dai lililotokana zaidi na Kiingereza linafundishwa kwetu kana kwamba ni sheria ya maumbile. Mwaka 1987 Hagit Borer na Kenneth Wexler walipendekeza kwamba sehemu ya sarufi inayohitajika kwa kauli ya kutendwa hukomaa kwa kuchelewa katika ubongo. Katherine Demuth, aliyefanya utafiti wake Lesotho, alionyesha mwaka 1989 kwamba watoto wanaozungumza Kisotho huitumia kauli hiyo wenyewe kabla ya kutimiza miaka mitatu. Sababu inaonekana katika lugha yenyewe. Kisotho hakimruhusu msemaji kuuliza moja kwa moja "Nani amepika chakula?" akiliweka neno la kuulizia katika nafasi ya mtenda, hivyo mara nyingi huuliza "Chakula kimepikwa na nani?" Mtoto husikia kauli ya kutendwa tangu asubuhi hadi jioni, naye huizoea.

Swali: Basi Chomsky alikosea? (Msomaji, Mombasa)

Alikuwa sahihi dhidi ya Skinner, kwa maoni yangu, ila alichokipendekeza badala yake kimebaki na ubishi. Yeye hushikilia kwamba binadamu huzaliwa na sarufi bia, yaani misingi ya sarufi inayozihusu lugha zote. Michael Tomasello, katika kitabu chake cha mwaka 2003, amejenga hoja kwamba mtoto hahitaji sarufi ya kuzaliwa nayo. Anachohitaji ni uwezo wa kutambua nia ya anayesema naye na uwezo wa kuona ruwaza, yaani mpangilio unaojirudia, katika anayoyasikia. Uwezo huo wa pili ulithibitishwa mwaka 1996, Jenny Saffran na wenzake walipoonyesha kwamba watoto wa miezi minane, baada ya kusikiliza kwa dakika mbili tu mfululizo wa silabi usio na pumziko, waliweza kubaini silabi zipi hufuatana kama neno moja.

Hata hivyo, yaliyotokea Nicaragua yanamzuia mtu kuifuta hoja ya Chomsky kwa haraka. Kabla ya shule ya watoto viziwi kupanuliwa mjini Managua kuanzia mwaka 1977, wengi wa watoto hao waliishi kila mmoja kwao, wakiwasiliana na jamaa zao kwa ishara za nyumbani. Walimu walijaribu kuwafundisha Kihispania kwa kutazama midomo, bila mafanikio makubwa, lakini watoto wenyewe, uwanjani na ndani ya basi la shule, waliunda lugha ya alama ambayo hakuna mtu mzima aliyewafundisha. Waliojiunga baadaye wakiwa wadogo waliipa sarufi tata kuliko ya waliowatangulia. Mimi naamini mtoto huja na maandalizi mazito ya kujenga lugha, ingawa kiasi gani cha maandalizi hayo ni sarufi yenyewe ni jambo ambalo hoja za sasa hazijalikata.

Swali: Kwetu Kisii wazee hawakuwa na desturi ya kumsemesha sana mtoto mchanga. Walikosea? (Baba, Nakuru)

Robert LeVine na wenzake waliwachunguza akina mama wa Kigusii katika miaka ya 1970, wakawalinganisha na akina mama wa Boston. Wale wa Kigusii walikuwa wepesi wa kuwabeba na kuwatuliza watoto, na waliwasemesha kidogo zaidi. Watoto wao walikua wakizungumza Ekegusii kama kawaida, kwa kuwa waliishi katikati ya ndugu na jamaa waliokuwa wakizungumza kutwa. Sarufi, basi, haitegemei desturi moja ya malezi. Msamiati ndio unaoongezeka upesi kwa mtoto anayesemeshwa yeye mwenyewe, na kwa mtoto atakayeanza shule karibuni, nakushauri umsemeshe.

Swali: Katuni za Kiingereza zitamfundisha mwanangu wa miezi tisa? (Mama, Dar es Salaam)

Usizitegemee. Patricia Kuhl na wenzake waliripoti mwaka 2003 kwamba watoto wa Kimarekani wa umri huo, baada ya vikao 12 na mtu aliyezungumza nao Kichina ana kwa ana, waliweza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Waliooneshwa mtu huyo huyo katika video hawakupata chochote. Ukitaka ajue lugha mbili au tatu, mpatie watu wa kuzizungumza naye.

Swali: Mwanangu ana miezi 18 na hajatamka neno hata moja. Bibi yake anasema tusubiri. (Mama, Dodoma)

Usisubiri, mama. Mtoto aliyefika mwaka mmoja bila kutamka silabi za mfululizo kama "bababa", aliyefika miezi 18 bila neno lolote, aliyefika miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, au aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo, apelekwe hospitali, na masikio yapimwe kwanza. Kugonga sufuria nyuma yake si kipimo, kwa sababu anaweza kuhisi mtikisiko, au kusikia sauti nzito na asisikie zile nyembamba zinazotofautisha maneno. Ikithibitika kwamba hasikii, anzeni kumpa lugha ya alama mara moja, sambamba na vifaa vya usikivu kama vinapatikana, na mtafuteni mtu mzima kiziwi awafundishe ninyi wazazi pamoja naye.